Mboga za Nyuma ya Nyumba: Bustani za Jikoni katika Historia ya Lubumbashi

Historia ya Katanga imezoea kuhesabiwa kwa tani. Tani za shaba iliyoyeyushwa Lubumbashi tangu mwaka 1911, tani za kobalti, tani za unga wa mahindi ulioletwa kwa reli ili kuwalisha wachimbaji: vyote hivyo vina madaftari yake, na watafiti wameyafungua madaftari hayo mara nyingi. Kuna chakula kimoja ambacho hakuna karani aliyekipima, ingawa kililiwa kila jioni katika kila nyumba ya kambi na ya mitaa ya Waafrika. Chakula hicho ni mboga. Hakuna anayekula bukari bila mboga. Aliyepewa unga mtupu amepewa nusu ya mlo. Nusu ya pili, kwa sehemu kubwa, ilitoka katika kipande cha ardhi kilichokuwa nyuma ya nyumba, au kando ya mto, au katika madambo yanayouzunguka mji, na mikono iliyokilima haikuwa na kitabu cha kazi wala namba ya mwajiriwa.

Makala haya yanakifuata kipande hicho cha ardhi tangu kuundwa kwa mji mwaka 1910 hadi siku hizi. Hoja yake ni kwamba bustani ya nyumbani ilikuwa sehemu ya mshahara ambayo mwajiri hakuilipa, na kwamba jambo hilo halikuonekana waziwazi mpaka mshahara wenyewe ulipokoma. Kuna jambo la pili, ambalo wanahistoria wamewaachia wanakemia kwa muda mrefu mno, nalo linahusu udongo wenyewe. Litazungumzwa mwishoni.

Ushahidi wa majina

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ushahidi ulio karibu zaidi uko sokoni. Mmea ule ule ambao msomaji wa pwani anauita mchicha, mama wa Lubumbashi anauita lengalenga, mama wa Kinshasa anauita bitekuteku, na Mbemba wa upande wa pili wa mpaka anauita bondwe. Majani ya muhogo ni kisamvu huko Dar es Salaam na Zanzibar. Lubumbashi na Bukavu ni sombe, neno linalosikika pia kwa Wanyarwanda katika umbo la isombe. Kinshasa ni pondu. Matembele, yaani majani ya kiazi kitamu, ni mojawapo ya maneno machache yanayosafiri kutoka Bahari ya Hindi hadi mto Kongo bila kubadili nguo. Majani ya maboga huitwa chibwabwa na wale ambao ukoo wao una mizizi kaskazini mwa Zambia. Ngaingai, yale majani machachu ya jamii ya rosela, ni jina la Kilingala. Nayo kabichi ya Kichina, iliyotapakaa leo katika matuta ya mabondeni, bado inaitwa kwa jina lake la Kifaransa, kama mgeni ambaye hajapewa jina la nyumbani.

Majina hayo yakipangwa juu ya ramani, yanachora takriban njia zile zile zilizopitwa na wafanyakazi. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, iliwatafuta watu wake kwanza katika Rhodesia ya Kaskazini na katika nchi za Waluba na majirani zao. Baadaye iliwatafuta Kasai, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 iliwaleta watu kutoka Ruanda-Urundi. Katika miaka ya mwanzo lugha ya amri kazini ilikuwa ile lugha ya migodi ya kusini iliyojulikana hapa kama Kikabanga. Kiswahili kilichukua nafasi yake hatua kwa hatua, hata kikawa lugha ya kambi na ya mji. Maneno mengi ya kazi yaliingia kwa amri ya msimamizi. Maneno ya mboga hayakuamriwa na mtu. Yaliingia kwa akina mama kuombana mbegu na vipando juu ya ua, kila mmoja akilitaja jani kwa jina la kwao mpaka jina moja likashinda. Kwa nini lengalenga lilishinda, na bondwe likabaki kwa wachache, ni swali linalostahili utafiti wa kweli wa isimu.

Neno posho nalo lina safari yake. Katika karne ya kumi na tisa lilikuwa neno la misafara: chakula cha kila siku cha mpagazi. Huku Katanga likawa jina la chakula kilichotolewa na kampuni. Ni kweli kwamba kati ya mpagazi na mchimbaji madini hapakuwa na umbali mkubwa.

Posho isiyo na majani

Mji wa Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910 juu ya uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 1,200, katika nchi ya Walamba, ambako watu hawakuwa wengi na misitu ya miombo ilitawala. Mwaka huo huo reli kutoka kusini iliufikia mji. Wakulima wa jirani hawakuweza kuwalisha maelfu ya wanaume waliokusanywa kwa ghafla, wala hawakuulizwa kama wangependa kufanya hivyo. Unga ukatafutwa mbali, hasa katika Rhodesia. Walamba wenyewe walikuwa na mboga za kutosha kwa ajili yao: majani ya mwituni yanayochipuka mvua zinapoanza, uyoga wa miombo, kunde, maboga, na majani yaliyokaushwa na kuwekwa kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Lakini chakula cha namna hiyo hakisafirishwi kwa behewa.

Wanaume wa kambi za mwanzo waliishi bila wake zao. Walikufa kwa wingi, kwa homa ya mapafu, kuhara damu na homa ya matumbo. Madaktari wa migodi ya Afrika ya Kusini walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba mtu anayelishwa unga na nyama kavu bila majani mabichi wala matunda hupata kiseyeye: fizi humtoka damu, vidonda havifungi, nguvu za kazi hupungua. Walijifunza vile vile kwamba mahindi yakiwa chakula pekee huleta pelagra, kwa sababu vitamini ambayo mwili unaihitaji imefungwa ndani ya punje na haipatikani kwa urahisi. Kwa hiyo suala la mboga liliingia katika mahesabu ya waajiri kwa mlango wa hospitali. Dikri ya tarehe 16 Machi 1922 kuhusu mkataba wa kazi, pamoja na sheria nyingine za wakati huo, iliufanya ulishaji wa mfanyakazi kuwa wajibu wa mwajiri. Hata hivyo, mboga mbichi huoza ndani ya siku moja au mbili, nayo ghala la kampuni lilijengwa kwa ajili ya magunia. Unga, maharage, karanga, chumvi, mawese na samaki wakavu vilikaa ghalani vizuri. Majani hayakai.

Badiliko kubwa lilikuja kuanzia mwaka 1928, Union Minière ilipoanza kuandika mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza wafanyakazi waishi kambini pamoja na wake zao. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa siasa hiyo na aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1946, alifikiri kama mtu anayejenga jamii nzima: mke apewe posho, watoto wapewe yao, mimba ifuatiliwe, mtoto azaliwe katika hospitali ya kampuni na akue awe mfanyakazi wa kesho. Katika mpango huo mke alitakiwa kupika, kufua, kulea na kumtuliza mumewe. Kulima hakukutajwa sana. Lakini bila kulima, kile chungu ambacho mpango mzima ulikitegemea kingekuwa na bukari peke yake.

Mwanamke aliyefika kambini akitokea Kasai, Lualaba au Rwanda alikuta nyumba, bomba la maji la pamoja, na siku ya kugawa unga. Alichokikosa ni majani. Kwao alikuwa anajua ni mti upi, ni bonde lipi, ni mwezi upi. Hapa misitu ya karibu ilikuwa imekatwa kwa ajili ya kuni na makaa, na udongo wa uwanda ni mwekundu, mchachu, mwepesi kuchoka. Aliomba kipando kwa jirani. Alimwaga maji ya kufulia mahali pamoja kila siku mpaka pakaota kitu. Taka za jikoni na majivu aliyachimbia. Hivyo ndivyo zilivyoanza nyingi za bustani hizo, na ndiyo sababu ni vigumu kuzipa tarehe.

Kampuni iliziangalia kwa macho mawili. Jicho moja lilipendezwa: mboga zilipunguza gharama, ziliboresha afya, na mwanamke mwenye jembe mkononi alionekana kuwa mke mtulivu. Jicho la pili lilishuku. Mahali panapoota mahindi na mtama panaweza kutoka pia munkoyo na pombe, na baadaye lutuku, ile pombe kali ya kutonesha ambayo wakuu wa kambi waliichukia. Tena madaktari wa kikoloni waliogopa mbu, wakataka mazingira ya nyumba yawe meupe, yasiwe na mimea mirefu. Bustani ya mboga fupi, iliyopangwa kwa mistari, ilivumiliwa. Shamba lililofunga madirisha halikuvumiliwa. Msomaji akijiuliza kwa nini lengalenga na matembele yalishinda katika viwanja vya kambi, huenda sehemu ya jibu ni hii: ni mimea ambayo haiwakeri wakaguzi.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopandisha bei na kuuacha mshahara nyuma, wafanyakazi wa Union Minière waligoma mnamo Desemba 1941. Tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Wanahistoria wameuchunguza mgomo huo kama suala la mshahara, na wana haki. Inafaa kuongeza tu kwamba mshahara ule ulikuwa mdogo kuliko ulivyoandikwa, kwa kuwa jani lililolimwa bila malipo ndilo lililomwezesha mtu kuishi nao.

Upande wa pili wa mji, ng'ambo ya ukanda mtupu uliowatenganisha Wazungu na Waafrika, kulikuwa na bustani za namna nyingine: saladi, karoti, liki, kabichi za Ulaya, maua mbele na mboga nyuma. Aliyezimwagilia ni mtumishi Mwafrika. Watumishi hao wa nyumbani ndio walioacha mojawapo ya maandishi ya thamani kubwa katika Kiswahili cha mji huu, ile historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama chao, na ambayo Johannes Fabian aliichapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Ni vigumu kufikiri kwamba watu walioshika jembe la bwana mchana kutwa hawakurudi nyumbani na mbegu mbili tatu mfukoni. Kabichi na nyanya zinazoonekana leo katika viwanja vya Kenya na Katuba zina deni kwa mifuko hiyo.

Namna ya kulima, namna ya kula

Mwaka wa Lubumbashi una nusu mbili zisizofanana. Mvua huanza kuelekea Novemba na kukoma kati ya Machi na Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba hakunyeshi karibu tone, na usiku wa Juni na Julai una baridi inayosinyaza majani mabondeni. Wakati wa mvua kila kiwanja kinakuwa bustani, hata cha mvivu. Majani ya maboga yanapanda juu ya ua, bamia zinasimama wima, muhogo uliopandwa pembeni unatoa sombe laini, na sokoni bei ya mboga inaanguka. Ustadi hujulikana wakati wa kiangazi. Hapo anayelima ni yule mwenye kisima, au mwenye jirani mwenye kisima, au mwenye tuta karibu na mto Kafubu, mto Lubumbashi au vijito vinavyoingia humo.

Mbegu ya lengalenga ni ndogo kuliko punje ya mchanga. Mwenye mkono mzito akiimwaga hivi hivi huota kwa mafungu, mche juu ya mche. Kwa hiyo huchanganywa kwanza na mchanga mkavu au majivu, kisha hutawanywa kwa vidole juu ya tuta lililosawazishwa na kufunikwa kwa udongo kidogo sana. Baada ya wiki tatu au nne mimea inafikia urefu wa kiganja na kidogo zaidi. Wauzaji huing'oa pamoja na mizizi, kwa sababu tuta linatakiwa kupandwa upya. Mwenye bustani ya jikoni hafanyi hivyo. Anakata kilele, mmea unachipua pembeni, anarudi baada ya siku kumi na kukata tena, na tena, mpaka shina linapokomaa na kutoa maua. Michache huachwa izae mbegu, na mbegu zikianguka zenyewe, mwaka unaofuata lengalenga linaota mahali ambapo hakuna aliyelipanda.

Matembele hayahitaji hata mbegu. Kipande cha mtambaa kikizikwa nusu kwenye udongo wenye unyevu hushika ndani ya siku chache. Ndiyo maana yamejaa karibu na bomba na nyuma ya bafu. Kabichi ya Kichina ina adabu zaidi: hutiwa kitaluni, hupandikizwa, hutaka samadi ya kuku na maji asubuhi na jioni, lakini hulipa haraka, na ndiyo inayopendwa na wanaolima kwa ajili ya kuuza. Nyanya hupandwa wakati wa ukavu, kwa kuwa wakati wa mvua ukungu huiozesha kabla haijaiva.

Jikoni, majani hayatendewi yote sawa. Sombe ni kazi ya saa nyingi: majani machanga hutwangwa kinuni mpaka yawe rojo la kijani, kisha huchemshwa kwa muda mrefu. Jani bichi la muhogo lina sumu ya jamii ya sianidi, na kutwanga ndiko kunakoifungua ili maji na moto viiondoe. Baadaye hutiwa mawese, kitunguu, karanga za kusaga, na wale dagaa wanaoitwa ndagala, nyumba ikiwa na fedha. Lengalenga halitaki hayo yote. Huoshwa, hukatwa, hupikwa upesi pamoja na nyanya na kitunguu, na hutolewa motoni likiwa bado na rangi yake. Ngaingai huleta uchachu unaopendeza pamoja na samaki. Matembele yako katikati: laini, yenye utamu kidogo, na mpishi akiyazidishia maji yanaharibika.

Raha ya bustani ya nyumbani, kama wanavyoieleza wenye nazo, iko katika muda mfupi kati ya kisu na chungu. Jani la sokoni limekatwa alfajiri, limefungwa fungu, limenyunyiziwa maji mara kadhaa ili lidanganye macho, na jioni limechoka. Jani lililokatwa jua linapozama, bukari likiwa tayari linasongwa, lina ladha nyingine, na kwa upande wa vitamini si ladha peke yake inayopotea kwa kungoja. Kuna pia heshima yake. Mwenye bustani hupokea mgeni wa ghafla bila kumtuma mtoto dukani. Humpa jirani aliyefiwa fungu la mboga, na kwa hilo hahitaji hotuba.

Mshahara unapokoma

Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière nchini zikawa za taifa, na kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines ikarithi pia kambi, hospitali, shule na desturi ya kugawa unga. Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda. Kisha zikaja hatua za Zaïrianisation za Novemba 1973, zilizovuruga biashara na mashamba makubwa, na mara baada yake bei ya shaba ikaanguka. Serikali ilihimiza kilimo kwa nyimbo na kwa kazi ya lazima ya salongo. Kuhusu salongo inatosha kusema kwamba bustani iliyolimwa kwa amri haikumwagiliwa na mtu siku iliyofuata.

Kilichowarudisha watu kwenye jembe ni njaa ya miaka ya 1990. Mnamo Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Septemba 1991 ulianza uporaji mkubwa katika miji ya nchi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi katika Katanga, na pamoja nao viliondoka ujuzi, biashara na ujirani wa miaka sitini. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliokuwa umepita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ikachelewa kwa miezi, kisha ikakoma. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, jina ambalo wengi wao hawakulikubali.

Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu familia za wafanyakazi jinsi mamlaka ya baba yalivyotikisika pale baba alipoacha kuleta fedha. Bustani iko katikati ya habari hiyo. Yule mke ambaye mpango wa mwaka 1928 ulimweka chini ya posho ya mumewe, sasa ndiye aliyeamka saa kumi ya usiku kwenda shambani au sokoni, na mume akabeba ndoo za maji. Wengine waliona aibu. Waliotunza kisima bila kuambiwa walikula vizuri zaidi. Walimu na watumishi wa serikali, ambao nao walikaa miezi bila mshahara, walifuata njia hiyo hiyo. Katika nyumba kubwa za mjini zilizojengwa kwa ajili ya Wazungu, nyasi za kupambia zilipinduliwa na mahindi yakapandwa mpaka kwenye ngazi. Hakukuwa tena na mkaguzi wa kuogopa mbu. Kuanzia mwaka 2000 mradi wa FAO wa kilimo cha mboga mijini, uliosaidiwa na Ubelgiji, uliunga mkono wakulima wa Lubumbashi na Likasi pamoja na miji mingine mitatu. Lakini uliwakuta watu wakiwa tayari mashambani.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba bustani iliuokoa mji, na wengi wamesema hivyo. Usemi huo ni wa kweli. Una kasoro moja tu, nayo iko ardhini.

Udongo

Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kilifanya kazi kwa zaidi ya miaka themanini. Dohani lake lilitoa gesi ya salfa pamoja na vumbi la shaba, zinki, risasi, kadmiamu na aseniki, na upepo wa kusini-mashariki, unaovuma sehemu kubwa ya mwaka, uliyapeleka yote upande mmoja. Huko, kuelekea mtaa wa Penga-Penga, miombo ilikufa na ardhi ikabaki tupu. Hata leo watafiti wa kilimo hujaribu kuiotesha nyasi zinazostahimili shaba. Chini ya dohani kilisimama kile kilima cheusi cha masalia ya tanuru ambacho wakazi walikifanya alama ya mji, kikachorwa na kupigwa picha. Alama hiyo ilizoeleka kiasi kwamba hakuna aliyeiuliza inaangusha nini juu ya mboga.

Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, baadhi yao wa Leuven, walitoa matokeo ya vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita tatu kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mara kadhaa kuliko watu wa vijijini mbali na machimbo; kadmiamu, risasi, aseniki na urani pia zilikuwa juu, na watoto walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2014, ulitafuta njia ambazo kobalti huingilia mwilini, ukazitaja hasa mbili: vumbi linalomezwa, hasa na watoto, na chakula kinacholimwa mahali hapo, zikiwemo mboga.

Metali hazikai sawa katika kila mmea. Majani hukusanya zaidi kuliko matunda: lengalenga na kabichi ya Kichina huvuta kadmiamu kwa wepesi, wakati nyanya na bamia huvuta kidogo. Udongo mchachu huziachilia metali ziingie mizizini, na udongo wa Katanga ni mchachu kwa asili, tena uliongezewa uchachu na gesi ya salfa. Ndiyo maana chokaa na samadi nyingi husaidia: chokaa hupunguza uchachu, mboji huzishika metali zisiingie mizizini kwa urahisi. Kuosha majani kwa maji mengi huondoa vumbi lililotua juu, ingawa hakuondoi kilichomo ndani. Anayeishi upande ambao upepo wa dohani haukuufikia ana sababu ndogo ya kuhofu kuliko aliye Penga-Penga, na tofauti kati yao inaweza kuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Mambo hayo si magumu kuyaeleza kwa Kiswahili, kama msomaji anavyoona. Hata hivyo zile tafiti mbili ziliandikwa kwa Kiingereza, na nyingi za wanakilimo wa mji huu zimeandikwa kwa Kifaransa. Ndani ya majedwali yake lengalenga linaitwa Amaranthus, na tuta la nyuma ya nyumba linaitwa sampuli.